Kenya: Somo la kuihudumia jamii limo kwenye ratiba, nani atalilipia?

Kundi la kwanza la wanafunzi waliosoma mtaala wa umilisi nchini Kenya liliingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026. Miongoni mwa masomo ya lazima waliyoyakuta huko limo moja ambalo wazazi wao hawakuwahi kulisoma, nalo ni kujifunza kwa kuihudumia jamii. Limewekwa sambamba na Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, na Hisabati. Linamhusu kila mwanafunzi, awe amechagua mkondo wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo.

Wazo lenyewe si geni katika nyaraka za elimu za nchi hiyo. Mwongozo wa mtaala uliotolewa mwaka 2017 ulilitaja miongoni mwa kanuni zinazouongoza mtaala mzima, na tangu ngazi za chini wanafunzi wamekuwa wakitakiwa kufanya shughuli ndogo za aina hiyo. Kilichobadilika ni uzito wake. Katika sekondari ya juu, darasa linatarajiwa kutambua tatizo halisi katika eneo linaloizunguka shule, kulichunguza kwa maarifa ya masomo yake, kupanga hatua, kuitekeleza, kuandika ripoti na kutafakari kilichopatikana. Mambo yote hayo yanahitaji muda, na mengi yanahitaji fedha. Suala la fedha ndilo lililozungumzwa kwa uchache zaidi.

Si usafi wa Jumamosi

Ni rahisi kulichanganya somo hili na kazi za kujitolea ambazo shule za Afrika Mashariki zimezifanya kwa miongo mingi. Wanafunzi wamefagia masoko, wamepanda miti siku za kitaifa na kutembelea vituo vya watoto yatima wakiwa na sabuni na unga. Nchini Rwanda, umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi huwatoa wananchi majumbani kwenda kutengeneza barabara na mitaro. Kenya kwenyewe, vilabu vya 4-K, ambavyo serikali ilivifufua mwaka 2021, vimewafundisha watoto kilimo kwa vitendo. Kazi hizo zina thamani yake. Tofauti ni kwamba mwanafunzi anaweza kulifagia soko mwaka mzima bila kutumia hata ukurasa mmoja wa kitabu cha Jiografia au Biolojia.

Kujifunza kwa kuihudumia jamii kunadai mambo mawili kwa pamoja: jamii ipate kitu inachokihitaji kweli, na mwanafunzi ajifunze jambo lililomo katika mtaala, ambalo asingelijifunza vizuri vile akiwa darasani tu. Likikosekana la kwanza, watu wa kijiji wanageuzwa vifaa vya maabara. Likikosekana la pili, mwanafunzi anageuzwa kibarua.

Watanzania wanaukumbuka mjadala wa aina hii. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa falsafa ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya elimu yenyewe, mahali ambapo mwanafunzi angepanga, kujaribu mbolea, kuweka hesabu na kuona matokeo ya uamuzi wake. Katika shule nyingi shamba lilibaki kuwa mahali pa kulimia tu, na wakati mwingine mahali pa kutumikia adhabu. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kwamba jembe lilipatikana kwa urahisi kuliko vifaa vya kupimia udongo.

Mfano wa maji ya Bonde la Ufa

Ili kuona gharama zinatokea wapi hasa, uchukuliwe mfano wa kufikirika, lakini wenye tatizo la kweli. Katika sehemu za kaunti za Nakuru na Baringo, kama ilivyo katika vijiji vya Arumeru mkoani Arusha, maji mengi ya ardhini yana madini ya floraidi kupita kiasi kwa sababu yanapita katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja. Viko visima vinavyokipita kiwango hicho mara kadhaa. Watoto wanaoyanywa wakati meno yao ya kudumu yanajijenga hupata meno yenye madoa ya kahawia yasiyofutika, na katika viwango vya juu zaidi mifupa nayo huathirika. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, madini hubaki sufuriani, na yale yanayonywewa huwa makali zaidi.

Kwa darasa la Gredi ya 10 lenye wanafunzi 45, hapo pana mwaka mzima wa masomo. Kemia inaeleza ioni na namna zinavyonaswa. Jiografia inaeleza kwa nini kisima kimoja kina floraidi nyingi na kingine, mwendo wa nusu saa kutoka hapo, kina kidogo. Hisabati inatoa wastani na grafu, Biolojia inaeleza jino linavyojijenga, na Kiswahili kinahitajika ili ripoti isomwe katika baraza la chifu na kueleweka na mama mwenye maswali kuhusu meno ya mwanawe. Suluhisho pia lipo, na linafahamika pande zote mbili za mpaka. Vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaochomwa kwa uangalifu katika joto kali, vimetumika Nakuru, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimekuwa kikiifanyia kazi teknolojia hiyo hiyo. Njia nyingine ni kuvuna maji ya mvua, ambayo kwa kawaida hayana floraidi ya kutia wasiwasi.

Sasa zije gharama. Zinatakiwa chupa za plastiki za kuchukulia sampuli, kwa kuwa kioo hakifai kuhifadhia maji ya kupimwa floraidi. Inatakiwa nauli, kwa sababu visima haviko ndani ya ua wa shule. Kupima kwenyewe kunahitaji kifaa maalumu ambacho maabara nyingi za shule hazina, hivyo sampuli zipelekwe kwenye maabara inayotoza ada. Darasa likiamua kuweka kichujio cha mfano kwenye zahanati au shule ya msingi ya jirani, yanahitajika ndoo, bomba, mkaa wa mifupa na fundi. Hakuna kati ya hivyo kinachokaribia gharama ya kujenga darasa moja. Ni vitu vidogo vidogo, lakini vinadai fedha taslimu, tena katika wiki fulani ya muhula, kabla mvua hazijabadilisha hali ya visima.

Halafu ipo gharama ambayo karibu kila mpango wa miradi ya wanafunzi huisahau. Mkaa wa mifupa hushiba. Baada ya muda fulani wa matumizi, kutegemea wingi wa floraidi na wingi wa maji yanayopitishwa, hauwezi tena kunasa madini, na maji yanayotoka upande wa pili hufanana na yale yaliyoingia. Kwa macho hakuna tofauti yoyote. Kichujio kinaonekana kizima na bomba linatoa maji meupe, huku watu wakiendelea kunywa wakiamini wamelindwa. Darasa lililokiweka limeshapanda gredi. Kama hakuna aliyetengewa fedha za kupima na kubadilisha mkaa huo, mradi uliosifiwa siku ya uzinduzi umegeuka kuwa udanganyifu usio na mdanganyifu.

Ndiyo maana fedha katika somo hili haziwezi kuchukuliwa kuwa jambo la pembeni. Zinaamua kama darasa litachunguza maji au litafagia soko.

Fungu lililopangwa kabla ya somo

Serikali ya Kenya huzigharimia shule za umma kwa kutoa kiasi fulani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kwa sekondari kiasi kilichoidhinishwa ni shilingi 22,244 za Kenya, takriban dola 170 za Marekani. Kwa sekondari ya chini ni shilingi 15,042, na kwa shule ya msingi ni 1,420. Kiasi cha sekondari kilianza kutumika mwaka 2018, wakati mfumo wa 8-4-4 ulikuwa ungali unatumika, na mgawanyo wake ulifuata mahitaji ya mfumo huo: vifaa vya kufundishia, ukarabati uliotengewa shilingi 5,000, shughuli za michezo na kadhalika shilingi 1,500, bima ya afya, umeme na maji, usafiri wa kiofisi. Fungu la kuihudumia jamii halikuwamo, kwa sababu somo lenyewe halikuwamo.

Hata hicho kilichoidhinishwa hakifiki chote. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya elimu ya Bunge kwamba hazina haiwezi kulipa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi, na kwamba kilichokuwa kikitolewa kilikaribia shilingi 16,900. Walimu wakuu walikuwa wameshalalamika kwa muda mrefu kuhusu upungufu huo, na vilevile kuhusu ucheleweshaji. Kwa utaratibu, asilimia 50 ya fedha hutakiwa kufika shuleni muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu. Mwaka wa fedha wa serikali, hata hivyo, huanza Julai, wakati mwaka wa shule huanza Januari. Mkuu wa shule anayepanga mradi wa Februari anatumia bajeti iliyopitishwa miezi minane kabla, na pengine kabla hajawajua wanafunzi wake.

Hesabu ndogo inasaidia kupima ukubwa wa jambo. Tuseme kila mwanafunzi atengewe shilingi 100 kwa mwaka kwa ajili ya miradi. Darasa la watu 45 litapata shilingi 4,500. Si nyingi, lakini zinatosha chupa, nauli za karibu na baadhi ya vipimo. Shilingi hiyo 100 haifiki hata nusu ya asilimia moja ya kiwango kilichoidhinishwa. Kwa kundi zima lililofanya mtihani wa kumaliza sekondari ya chini mwaka 2025, la watahiniwa zaidi ya milioni 1.1, ni kama shilingi milioni 110. Pengo kati ya shilingi 22,244 na 16,900, kwa mwanafunzi mmoja, ni zaidi ya mara 50 ya shilingi hiyo 100. Kwa hiyo anayesema miradi ni ghali mno kwa taifa hajakosea kuhusu hali ya hazina, ila amekitaja kitu kisichokuwa chanzo cha upungufu.

Mzigo unapohamia nyumbani

Fedha zisipotoka serikalini, mahali pa kwanza zinapotafutwa ni mfuko wa mzazi. Tangu mtaala mpya uanze kutumika nchi nzima mwaka 2019, malalamiko yanayosikika zaidi majumbani yamehusu vifaa ambavyo watoto hutumwa kuvileta: kadibodi, rangi, karatasi za kuchapishwa kwenye duka la intaneti. Mwaka 2021 mtaala huo ulipingwa katika Mahakama Kuu, na gharama kwa wazazi zilikuwa miongoni mwa hoja zilizotawala mjadala. Uganda imepitia jambo linalofanana na hilo. Mtaala wake mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unaipa kazi ya mwanafunzi shuleni, ikiwemo miradi, asilimia 20 ya alama za mwisho. Mtihani wa kwanza wa mfumo huo ulifanyika mwaka 2024. Mradi ukishakuwa alama, mzazi hana tena uhuru wa kusema hapana.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inatoa kinga fulani. Kifungu cha 29 kinakataza karo ya masomo katika shule za umma. Kinaruhusu michango mingine kwa idhini ya waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini kinasema wazi kwamba mtoto asikataliwe kuhudhuria shule kwa kushindwa kuitoa. Kinga hiyo inalinda mlango wa shule. Haimlindi mtoto anayebaki darasani wakati wenzake waliolipa nauli wamekwenda kisimani, kisha akaombwa aandike ripoti ya kitu asichokiona. Katika somo ambalo lengo lake mojawapo ni kujenga raia wanaojaliana, hilo si dosari ndogo.

Ipo pia tofauti kati ya shule na shule. Shule kongwe zenye wahitimu walioshika nyadhifa zitachimba kisima, na shule za kutwa za vijijini, ambazo jamii zinazozizunguka ndizo zenye shida nyingi, zitapanda miche. Kenya ina utamaduni wa harambee ambao uliwahi kujenga mamia ya shule za sekondari kwa michango ya wananchi wenyewe. Lakini ule ulikuwa mchango wa jamii kwa shule. Kuiomba jamii maskini ichangie ili wanafunzi waje kuihudumia ni kuugeuza utaratibu juu chini.

Wafadhili na kampuni huweza kusaidia, na baadhi hufanya hivyo. Tatizo ni aina ya gharama. Mfadhili hupenda kitu kinachosimama na kuandikwa jina, kwa mfano tangi la maji au jengo. Ni nadra kumpata anayetaka kulipia nauli ya wanafunzi 45, au mkaa wa mifupa wa mwaka wa tatu.

Kaunti na serikali kuu

Katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, elimu ya msingi na sekondari ni jukumu la serikali kuu. Maji na usafi wa mazingira mashinani, zahanati, masoko na ukusanyaji wa taka ni majukumu ya kaunti 47. Maana yake ni kwamba mwanafunzi ni wa serikali moja na tatizo analolichunguza ni la serikali nyingine. Fedha za shule haziwezi kirahisi kutengeneza mali ya kaunti, na kaunti haiwezi tu kuamua kulipia shughuli ya shule.

Ugumu huo ulionekana Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti alipozitaka kaunti kuwa na makubaliano rasmi na serikali kuu kabla ya kuendelea kutoa fedha za basari kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Agizo hilo lilizua mvutano mkubwa, kwa kuwa maelfu ya familia zilikuwa zikizitegemea fedha hizo. Kwa upande mwingine, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ambao umejenga madarasa na kulipa karo kwa zaidi ya miaka 20, ulitangazwa na Mahakama Kuu Septemba 2024 kuwa unakiuka katiba, na ikaelekezwa usitishwe ifikapo 30 Juni 2026. Shule inayotafuta fedha za mradi inatafuta katika nyumba ambayo vyumba vyake bado vinabishaniwa.

Mgawanyo huo, hata hivyo, unaweza pia kuwa nafuu. Kaunti tayari ina afisa wa afya ya jamii anayepaswa kukagua maji, na wengi wao wana njia ya kufikisha sampuli maabara. Darasa likichukua sampuli chini ya usimamizi wake, gharama kubwa ya upimaji inaingia katika kazi iliyokwishatengewa fedha, na matokeo yanabaki mikononi mwa ofisi itakayokuwepo baada ya wanafunzi kuhitimu. Makubaliano ya namna hiyo hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji barua iliyosainiwa na pande zote mbili, inayotaja nani atabadilisha mkaa, lini, na kwa fedha za fungu gani.

Waliotangulia

Marekani ilijaribu kulipia miradi ya aina hii kwa fungu maalumu. Sheria ya mwaka 1990, iliyosainiwa na Rais George H. W. Bush, ilifungua njia ya ruzuku ambazo baadaye zilijulikana kwa jina la Learn and Serve America. Sehemu kubwa ya fedha zilipitia idara za elimu za majimbo na kufika shuleni kama ruzuku ndogo, kwa sharti kwamba huduma iungane na masomo. Bajeti yake ilizunguka dola milioni 40 kwa mwaka, kiasi kidogo sana kwa nchi hiyo, na pengine udogo huo ndio uliofanya iwe rahisi kuifuta. Mwaka 2011, katika mapatano ya kupunguza matumizi, Bunge la Marekani liliiondoa kabisa. Jimbo la Maryland, lililokuwa limeandika katika masharti ya kuhitimu kwamba kila mwanafunzi atoe saa 75 za huduma, liliendelea na sharti lake. Kenya inaanzia mahali ambapo Maryland ilibaki: sharti lipo, fungu halipo.

Karibu zaidi na nyumbani, kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, kiliifanya huduma katika jamii kuwa sehemu ya shahada yenyewe. Wanafunzi hupelekwa katika vituo vya afya vya mashinani kwa vipindi mbalimbali vya masomo yao, huchunguza hali ya afya ya eneo na kufanya kazi pamoja na wahudumu waliopo. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianza mpango wa aina hiyo mwaka 2003. Vyuo vikuu vina bajeti na madaraka ambayo shule ya kutwa haina. Hata hivyo, kuna jambo moja linaloweza kuhamishwa bila gharama kubwa: mwenyeji wa wanafunzi ni kituo chenye watumishi wa kudumu, na kazi inaendelea kundi moja linapoondoka na jingine kuingia.

Kwa Kenya, makundi hayo yatakuwa yakipishana kuanzia Januari 2027, kundi la pili litakapoingia Gredi ya 10 na la kwanza kupanda Gredi ya 11. Bajeti itakayowahudumia wote wawili katika muhula huo ni ile ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 2026. Shule zinazotaka mradi wa mwaka wa kwanza uendelezwe na darasa linalofuata, badala ya kila darasa kuanza jipya na kuacha la zamani likioza, zinalazimika kuandika majina ya watunzaji na makadirio ya gharama kabla ya wakati huo, hata kama kifungu cha kuyaandikia bado hakijachapishwa katika fomu za wizara.